John Lehmann, mgao wa karatasi na majarida yenye majina mengi

Anayeanza kumsoma John Lehmann, mshairi na mhariri wa Kiingereza, hukwama mapema, tena hakwami kwenye mashairi yake bali kwenye orodha ya machapisho. Kati ya 1936 na 1950 mtu huyu mmoja alihariri New Writing, halafu Folios of New Writing, halafu Daylight, halafu New Writing and Daylight, na sambamba na hayo The Penguin New Writing, lililofikia matoleo 40. Wapo wanaoyataja majina haya kana kwamba ni kitu kimoja, na wapo wanaoyataja kana kwamba ni vitu vitano visivyojuana. Wote wanakosea. Nyuma ya karibu kila badiliko la jina kuna sababu ya kushikika: mchapishaji aliyeyumba kifedha, waandishi waliokimbia nchi yao, amri za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na zaidi ya yote uzito wa karatasi. Ukiifuata karatasi, sehemu kubwa ya maisha yake wakati wa vita inajieleza yenyewe, likiwemo lile swali gumu la kwa nini mshairi huyu anakumbukwa zaidi kwa kazi za wenzake.

Kabla ya vita

Alizaliwa 2 Juni 1907 huko Bourne End, kando ya mto Thames, katika familia iliyojaa waandishi na wasanii. Baba yake, Rudolph, aliandikia jarida la vichekesho la Punch na akawahi kuwa mbunge wa chama cha Liberal. Dada yake Rosamond alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa kuliko lake kwa muda mrefu, na dada mwingine, Beatrix, alikuwa mwigizaji. Alisoma Eton, kisha Trinity College, Cambridge. Huko alifanya urafiki na Julian Bell, mpwa wa mwandishi wa riwaya Virginia Woolf, ambaye mwaka 1937 aliuawa katika vita vya Hispania.

Diwani yake ya kwanza, A Garden Revisited, ilitolewa 1931 na Hogarth Press, nyumba ndogo ya uchapishaji iliyoanzishwa na Leonard na Virginia Woolf mwaka 1917 kwa mashine ya mkono. Mwaka huohuo wa 1931 akaingia kazini hapo. Matunda ya kipindi hicho yanafahamika: New Signatures, mkusanyo wa 1932 uliowaweka washairi vijana Auden, Spender na Day Lewis ndani ya jalada moja. Lakini kufanya kazi chini ya Leonard Woolf hakukuwa kwepesi. Leonard alihesabu kila senti, naye Lehmann alikuwa kijana mwenye haraka na asiyependa kuelekezwa. Mwaka 1932 akaondoka, akahamia Vienna.

Vienna ndiyo iliyomfanya mhariri. Aliishi huko katika miaka ambayo serikali ya Austria ilielekeza mizinga kwenye nyumba za wafanyakazi, Februari 1934, hadi karibu na Ujerumani kuimeza nchi hiyo Machi 1938. Aliona kwamba kuna maandishi mengi ya watu waliokuwa wakipambana na ufashisti, Waingereza na wasio Waingereza, ambayo hayakuwa na pa kutokea. Mengi yalikuwa marefu mno kwa gazeti na mafupi mno kwa kitabu. New Writing, lililoanza majira ya kuchipua ya 1936, lilitengenezwa kwa ajili ya urefu huo wa katikati. Lilitoka mara mbili kwa mwaka, likiwa na jalada gumu kama kitabu kamili. Toleo la kwanza lilibeba hadithi ya Christopher Isherwood kuhusu familia maskini ya Berlin. La pili lilibeba insha ya George Orwell kuhusu kumpiga risasi tembo huko Burma. Mulk Raj Anand wa India alikuwamo, na baadaye wachimba migodi wa Wales pia.

Lilianzia kwa Bodley Head, nyumba iliyokuwa na madeni, likahamia Lawrence & Wishart, wachapishaji wa mrengo wa kushoto. Mwaka 1938 Lehmann alirudi Hogarth Press, safari hii si kama mwajiriwa. Alilipa pauni 3,000 kununua hisa ya Virginia, yaani nusu ya kampuni, akawa mbia wa Leonard. New Writing likahamia naye.

Karatasi ilivyogawiwa

Vita vilianza Septemba 1939, lakini kwa wachapishaji pigo lilikuja Aprili 1940, Ujerumani ilipoivamia Norway. Sehemu kubwa ya massa ya mti ya kutengenezea karatasi ilitoka Skandinavia. Nyasi za esparto, malighafi nyingine muhimu, zilitoka Afrika Kaskazini, nazo zikawa adimu muda si mrefu. Serikali ikaweka mgao. Kanuni yake ilikuwa rahisi, na kwa wengine ilikuwa katili: unahesabiwa karatasi uliyotumia katika miezi 12 iliyoishia Agosti 1939, kisha unapewa asilimia fulani ya hiyo. Mgao ulianza kwa asilimia 60. Kufikia mwanzoni mwa 1942 ulikuwa umeshuka hadi 37.5.

Kanuni hiyo haikuuliza nani anachapisha vitabu bora. Iliuliza nani alichapisha vingi katika mwaka ule mmoja. Penguin, kampuni ya Allen Lane iliyoanza 1935 kwa vitabu vya jalada laini vya peni 6, ilikuwa imechapisha mamilioni ya nakala katika miezi hiyohiyo, hasa vitabu vya siasa vilivyonunuliwa na watu waliokuwa na hofu ya vita. Kwa hiyo hata kipande cha mgao wake kilikuwa kikubwa. Hogarth Press, iliyokuwa ikichapa maelfu machache kwa kila kitabu, ilibaki na kidogo cha kidogo.

Juu ya mgao kulikuwa na amri iliyozuia kuanzisha majarida mapya, iliyotolewa 1940. Horizon, jarida la fasihi la Cyril Connolly, liliponea chupuchupu kwa sababu lilikuwa limekwisha kuanza. Waliochelewa walitafuta upenyo: walitoa jarida bila kuliita jarida, yaani kitabu cha mkusanyo kisicho na ahadi ya tarehe, kikatolewa kwa karatasi ya mgao wa vitabu. New Writing halikuhitaji ujanja huo, maana tangu mwanzo lilikuwa na umbo la kitabu. Hapo ndipo uamuzi wa 1936 uliofanywa kwa sababu za kifasihi ulipogeuka kuwa kinga ya kisheria ambayo hakuna aliyeipanga.

Tangu 1 Januari 1942 likaja pia makubaliano ya uchumi wa vita katika utengenezaji wa vitabu. Yaliamua ukubwa wa herufi, upana wa pambizo na uzito wa karatasi. Anayeikataa kanuni anapunguziwa mgao. Vitabu vilivyofuata makubaliano hayo vina nembo ndogo ya simba aliyekaa juu ya kitabu, na pambizo zake ni nyembamba kiasi kwamba kidole gumba kinafunika mistari ukikishika vibaya.

Majina matano, moja moja

Sasa majina yanaweza kupangwa. New Writing la asili lilikwisha na toleo la Krismasi 1939. Lililofuata, Folios of New Writing, ni lilelile likiwa limepunguzwa ili litoshe katika mgao wa Hogarth: juzuu nne, 1940 na 1941. Ndimo ilimotoka hotuba ya Virginia Woolf kuhusu waandishi waliokulia katika mnara unaoinama, ambayo waandishi wa kizazi cha Lehmann waliijibu katika juzuu iliyofuata. Daylight, 1941, lilitokana na ushirikiano na waandishi wa Chekoslovakia waliokimbilia London, na lengo lake lilikuwa fasihi na sanaa za Ulaya. Halikuweza kupata karatasi ya kuishi peke yake, basi mwaka 1942 likaunganishwa na ndugu yake, na New Writing and Daylight likaendelea hadi 1946.

The Penguin New Writing ni tawi lingine kabisa, na ndilo linalowachanganya watu zaidi. Lilianza mwishoni mwa 1940 kama mkusanyo wa vipande bora vya New Writing lililopita, kwa bei ya peni 6. Insha ile ya tembo iliwafikia wengi hapo, si katika kitabu cha jalada gumu cha 1936. Liliuzwa haraka mno hata vipande vya zamani visingetosha, basi likaanza kupokea kazi mpya. Mwanzoni lilikuwa la kila mwezi. Kuanzia toleo la 13, Aprili 1942, likawa la kila robo mwaka. Karatasi ya Hogarth haikuguswa: hii ilikuwa ya Penguin. Kwa maneno mengine, Lehmann alikuwa akiendesha machapisho mawili kwa ghala mbili tofauti, na mwandishi aliyekataliwa katika moja kwa kukosa nafasi aliweza kusogezwa katika lingine.

Wakati wa vita lilifikia takriban nakala 75,000 kwa toleo, na mara baada ya vita likakaribia 100,000. Wasomaji walikuwa wengi kuliko nakala, kwa kuwa toleo moja lilizunguka kambi nzima. Kitabu cha Penguin kina urefu wa sentimita 18 na upana wa 11, na kiliingia bila taabu katika mfuko wa sare ya jeshi.

Hesabu ya mhariri

Watu hudhani mhariri wa fasihi huchagua kwa ladha tu. Tuchukue karatasi ya kawaida ya gramu 60 kwa mita ya mraba. Jani moja la ukubwa wa Penguin lina mita za mraba 0.02. Kitabu hakiongezwi ukurasa mmoja mmoja: karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa na kukatwa, kwa kawaida ikatoa kurasa 16 au 32. Kuongeza kurasa 16 ni kuongeza majani 8, yaani takriban gramu 9.6 kwa nakala. Kwa nakala 75,000 hizo ni zaidi ya kilo 700. Toleo zima la kurasa 128 linakula karibu tani 6.

Kwa hiyo hadithi iliyozidi kwa kurasa mbili ilikuwa na njia tatu tu: ikatwe, ingoje miezi mitatu, au imtoe mtu mwingine. Shairi la mistari 30, kinyume chake, linajaza ukurasa mmoja na linaweza kuziba pengo mwishoni mwa hadithi. Hapa kuna sehemu ya jibu la kwa nini ushairi na hadithi fupi vilishamiri Uingereza wakati wa vita ilhali riwaya ilidorora. Sehemu nyingine ni muda: askari anayengoja kwenye kituo cha treni, au mzimamoto anayengoja king'ora, anaweza kumaliza kurasa nne, si mia nne. Henry Green, aliyekuwa katika kikosi cha kuzima moto London, alimpa Lehmann vipande vifupi vya moto wa mabomu. William Sansom, mzimamoto mwingine, alitolewa kitabu chake cha kwanza na Hogarth mwaka 1944.

Kosa la mara kwa mara katika miswada ya askari lilikuwa kufanana. Kila mmoja alikuwa na kambi yenye matope, sajini mkali, likizo ya saa 48 na treni yenye taa zilizofunikwa. Lehmann alitenga sehemu maalumu ya taarifa za maisha halisi katika Penguin, yenye kichwa The Way We Live Now, ili maandishi ya namna hiyo yapate pake bila kujifanya hadithi. Ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa ukiyasoma leo kwa mfululizo yanachosha.

Kulikuwa na vizuizi vingine visivyo vya ladha. Kwa sheria ya Uingereza mchapaji aliweza kushtakiwa pamoja na mchapishaji, hivyo wenye mashine nao walijifanya wadhibiti. Riwaya ya Ahmed Ali kuhusu Delhi, iliyotolewa na Hogarth 1940, ilicheleweshwa na wachapaji walioogopa sehemu zinazogusa utawala wa Waingereza. Septemba 1940 mabomu yalifanya jengo la Hogarth huko Mecklenburgh Square lisikalike, na kazi ikahamishiwa Letchworth, kaskazini ya London, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Garden City Press. Usiku wa 29 Desemba mwaka huo mtaa wa wauza vitabu wa Paternoster Row uliteketea pamoja na takriban vitabu milioni 5. Vitabu vilivyoungua havikuweza kuchapwa tena bila kula mgao wa vipya.

Machi 1941 alikabiliwa na uamuzi mzito kuliko yote. Virginia Woolf alikuwa amemaliza riwaya yake ya mwisho, Between the Acts. Lehmann akaisoma na kuipenda. Naye Virginia akamwandikia kwamba isichapishwe kama ilivyo, ni nyepesi mno. Tarehe 28 mwezi huo akajiua kwa kujitosa mtoni. Leonard na Lehmann waliitoa Julai, na kwa maoni yetu walifanya sawa, japo mwandishi mwenyewe alikuwa amekataa.

Mashairi yaliyotoka Kenya

Miongoni mwa washairi aliowalea, Roy Fuller ndiye anayepaswa kuangaliwa kwa karibu na msomaji wa Afrika Mashariki. Alizaliwa Lancashire 1912, akawa mwanasheria wa chama cha mikopo ya nyumba, akaingizwa jeshi la majini 1941. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kundi la meli za Kiingereza la Bahari ya Hindi likarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Kenya ikawa nyuma ya jukwaa la vita vya baharini, na Fuller, fundi wa rada za ndege za jeshi la majini, akapelekwa huko, akakaa hadi 1943.

Hogarth ilikuwa imetoa diwani yake The Middle of a War mwaka 1942. Mashairi ya Kenya yakaingia katika A Lost Season, 1944. Yana nyanda, twiga, makabila yanayotazamwa kwa mbali, na mtu asiyepiga risasi anayejiuliza anafanya nini pale. Shairi linalosimama hadi leo ni lile la askari mweupe na askari mweusi, wote wawili walioandikishwa kwa lazima, wanaoshindwa kuelewana lugha. Fuller alikuwa mfuasi wa Marx na aliona wazi kwamba yeye ni sehemu ya mashine inayowakandamiza wenyeji; hata hivyo yule askari mweusi hana jina wala historia. Katika miaka hiyohiyo Shaaban Robert, ng'ambo ya mpaka Tanganyika, alikuwa akitunga utenzi mrefu kuhusu vita hivyohivyo. Ulichapwa 1967. Lehmann alijivunia kuchapisha dunia nzima, na kwa Ulaya na India alistahili kujivuna. Kwa Afrika, aliyoipata ilitoka kwa Waingereza waliopita.

Kuvunjika kwa ubia

Mkataba wa Hogarth ulimpa kila mbia haki ya kuzuia kitabu cha mwenzake. Karatasi ilipokuwa nyingi, haki hiyo haikuuma sana. Ilipopungua, kila diwani mpya ilimaanisha kitabu cha zamani kisichorudiwa. Lehmann alitaka washairi vijana, miongoni mwao Laurie Lee, ambaye The Sun My Monument ilitoka Hogarth 1944. Leonard alikuwa na orodha ya kulinda, vikiwemo vitabu vya marehemu mkewe. Walibishana kwa barua ndefu.

Mwanzoni mwa 1946 Lehmann aliandika kuvunja ubia. Hilo lilikuwa kosa la kimahesabu. Kwa mkataba, mmoja akivunja, mwingine ana haki ya kununua hisa zake. Alitegemea Leonard hatakuwa na fedha. Leonard akawageukia wachapishaji wenzake, Chatto & Windus, wakailipa nusu hiyo, na Lehmann akajikuta nje. Mwaka huohuo alifungua kampuni yake, John Lehmann Ltd, Rosamond akiwa mkurugenzi mwenzake. Aliwatoa waandishi wa Marekani Paul Bowles na Saul Bellow kwa Waingereza, na kitabu cha mapishi ya Mediterania cha Elizabeth David, 1950, ambacho huenda kilibadilisha nyumba nyingi za Uingereza kuliko diwani zote alizowahi kutoa. Kampuni haikuwa mali yake peke yake. Wenye mtaji walikuwa wachapaji wakubwa wa Purnell, nao walipochoka na hasara, ikafungwa karibu na mwaka 1953.

Penguin New Writing lilikwisha kabla, toleo la 40, 1950. Karatasi ilikuwa imerudi, na pamoja nayo magazeti ya rangi, riwaya mpya na burudani nyingine. Wasomaji waliokuwa na kitabu kimoja mfukoni sasa walikuwa na uchaguzi.

Mashairi yake mwenyewe

Diwani za vita ni mbili: Forty Poems, 1942, na The Sphere of Glass, 1944. Ni mashairi safi, yenye utulivu, mara nyingi ya bustani, mto na kumbukumbu ambazo vita vinazipitia kama sauti ya chumba cha pili. Udhaifu wake ni kujizuia. Sababu moja iko wazi: Lehmann alipenda wanaume, na mapenzi hayo yalikuwa kosa la jinai Uingereza hadi 1967. Wapenzi katika mashairi hayo hawana nyuso. Hata kumbukumbu zake tatu za maisha, zilizotoka 1955, 1960 na 1966, zimeuzunguka upande huo; aliuandika waziwazi 1976 tu, kwa umbo la riwaya.

Sababu ya pili ni saa za siku. Kusoma miswada, kuandika barua za kukataa, kusahihisha nakala za uchapaji na kupigania tani za karatasi ni kazi ya watu watatu. Baadhi ya maandishi yake bora ya wakati huo ni ya kuwahudumia wengine: mwaka 1944 mshairi Mgiriki Demetrios Capetanakis alikufa London kwa saratani ya damu, na kitabu alichokikusanya Lehmann kumhusu, 1947, kina joto ambalo diwani zake hazina.

Februari 1954 alianzisha upya jina la zamani, The London Magazine, akaliendesha hadi 1961 alipolikabidhi kwa Alan Ross, mshairi mwingine wa vita. Alifariki 7 Aprili 1987.

Anayetaka kuanza kusoma asianze na diwani. Aanze na Poems from New Writing ya 1946, halafu kumbukumbu ya pili, I Am My Brother, inayohusu vita, na mwisho Collected Poems ya 1963. Nakala za Penguin New Writing bado zinapatikana kwa wauza vitabu vya zamani kwa bei nafuu, lakini kagua mambo matatu kabla ya kulipa. Tazama nambari ya toleo badala ya jina pekee, kwa kuwa matoleo ya mwanzo yana marudio mengi ya New Writing la 1936 hadi 1939. Tazama uti: nakala iliyofungwa kwa pini za chuma hupata kutu na kurasa za katikati huchomoka. Na tarajia rangi ya kahawia, kwa sababu karatasi ya vita ilitengenezwa kwa majani makavu ya nafaka na mti uliosagwa tu, ambao huoza kwa asidi yake wenyewe. Usiikunje kona wala kuilaza wazi juani.